Muhula wa ziada kwa ajili ya kampuni za ushauri: unalipia nini hasa?

Hakuna chuo kikuu cha Marekani kinachoutangaza, lakini wanunuzi hawakosekani kila mwaka: muhula mmoja au miwili juu ya minane ya kawaida, ili kupata nafasi nyingine ya kuomba kazi McKinsey, BCG au Bain, kampuni tatu kubwa za ushauri wa biashara. Masomo yenyewe si hoja, kwa kuwa yangekwisha Mei kama yalivyopangwa. Kinachonunuliwa ni tarehe, ile inayoandikwa kwenye CV mbele ya maneno "natarajia kuhitimu".

Tathmini hii inaupima muhula huo kama bidhaa nyingine yoyote: unafanya kazi gani, unagharimu kiasi gani, unaharibikia wapi, na sokoni kuna nini kingine. Msimamo wetu tunauweka wazi mapema. Ni bidhaa nzuri kwa wachache wanaoinunua wakiwa mwaka wa tatu. Wanaoinunua mwaka wa nne, wakiwa wameshakataliwa, wanalipia kitu kilichokwisha muda wake.

Tarehe inafungua mlango gani

Kampuni hizi tatu huajiri wahitimu kwa mafungu, na kila fungu lina dirisha lake la tarehe za kuhitimu. Mafunzo kazini ya kiangazi, ambayo huchukua wiki kama kumi, ni ya watakaohitimu kuanzia Desemba inayofuata hadi kiangazi cha mwaka wa pili wake. Nafasi za kudumu ni za watakaohitimu ndani ya mwaka wa masomo unaokuja. Tarehe yako ikiwa nje ya dirisha, mara nyingi CV haifiki hata mikononi mwa msomaji.

Mlango mpana ni ule wa kiangazi. Anayefanya vizuri hupewa barua ya ajira mwishoni mwa mafunzo na kurudi chuoni kumalizia masomo bila wasiwasi wa kazi. Aliyeukosa hugombea nafasi za kudumu zilizobaki baada ya hao kuchukua zao. Kwa hiyo kazi ya maana ya kusogeza tarehe ni kumrudisha mtu kwenye foleni ya kiangazi. Isipofanya hivyo, haijafanya kitu.

Hapa ndipo kalenda inapowaumbua wengi. Chukua mwanafunzi anayetarajiwa kuhitimu Mei 2027. Mafunzo ya kiangazi cha 2026 ndiyo yaliyokuwa yake, na maombi yake yalifungwa mwaka 2025. Akitaka ya kiangazi cha 2027, lazima tarehe yake isogee hadi Desemba 2027 au Mei 2028. Lakini maombi ya kiangazi cha 2027 hufunguliwa na mara nyingi kufungwa kati ya Machi na Septemba 2026, kwa sababu kampuni hizi zimekuwa zikiiwahisha ratiba mwaka hadi mwaka. Uamuzi wa kuchelewa kuhitimu unatakiwa kufanyika kabla ya hapo, yaani zaidi ya mwaka mzima kabla ya mahafali anayotaka kuyasogeza.

Wengi hawafanyi hivyo. Huomba nafasi ya kudumu kwanza, hufika usaili, hukataliwa Oktoba, na Novemba ndipo wanakwenda kwa mshauri wa masomo kuuliza kama wanaweza kubaki muhula mmoja zaidi. Novemba hiyo foleni ya kiangazi imeshafungwa. Kinachobaki ni duru ya kazi za kudumu ya mwaka unaofuata, na huko wanakutana na kanuni nyingine: aliyekataliwa baada ya usaili hutakiwa kusubiri, kwa kawaida mwaka mmoja hadi miwili, kabla ya kuomba tena kampuni ileile. Muhula wa ziada haufupishi kusubiri huko hata kwa siku moja. Kukataliwa kwenye CV tu, kabla ya usaili, mara nyingi hakuna uzito huo, na hiyo ni tofauti ya kuulizia kabla hujalipa ada.

Tena kampuni hizi hupokea kwenye ngazi hiyo hiyo ya kuanzia watu waliohitimu na wenye mwaka mmoja au miwili kazini. Aliyekataliwa Oktoba, akahitimu Mei na kwenda kufanya kazi benki au kwenye kampuni ndogo ya ushauri, anarudi kwenye foleni akiwa na mshahara na mstari mpya kwenye CV. Aliyebaki chuoni anarudi na CV ileile na deni.

Bei

Kwenye vyuo binafsi vingi vyenye majina makubwa, ada ya muhula mmoja kwa asiye na msaada inazidi dola 30,000, kabla ya chumba, chakula na bima ya afya. Vyuo vya umma kwa mkazi wa jimbo ni nafuu zaidi, na vingi hutoza kwa krediti (kipimo cha uzito wa kila darasa) ukichukua chini ya 12. Baadhi ya vyuo binafsi navyo hukubali malipo ya sehemu kwa muhula wa mwisho, lakini kwa ruhusa ya ofisi ya mkuu wa kitivo na kwa kuiomba mapema.

Kinachowashtua watu ni msaada wa fedha. Vyuo vingi vinavyotoa ruzuku kubwa, vikiwemo vile vinavyomlipia mwanafunzi wa Kiafrika kila kitu, huihesabu kwa mihula minane. Wa tisa ni wako. Ruzuku ya serikali ya Pell, ambayo wanaistahili raia, wenye kadi ya kijani na wakimbizi (na familia nyingi za Kikongo zinazozungumza Kiswahili Marekani zimo humu), ina ukomo wa sawa na mihula 12 ya muda wote kwa maisha yako yote. Kwa hiyo Pell inaweza kuwepo kwenye muhula wa tisa wakati ruzuku ya chuo chenyewe, ambayo ndiyo kubwa, haipo. Uliza ofisi ya misaada kwa maandishi, na utake jibu kwa maandishi. "Nadhani itawezekana" ya dirishani haikai kwenye faili.

Halafu weka mshahara unaoukosa. Mtu aliyekuwa aanze kazi ya dola 70,000 kwa mwaka anapoteza 35,000 kwa nusu mwaka. Ongeza ada 30,000 na matumizi ya kuishi 10,000: jumla 75,000. Upande wa pili, mshahara wa msingi wa kuanzia kwa mwenye shahada ya kwanza kwenye kampuni hizi tatu Marekani umekuwa takriban dola 110,000. Tofauti na ile kazi nyingine ni 40,000 kwa mwaka. Lakini hununui 40,000; unanunua uwezekano wa kuzipata. Kama muhula unakuongezea nafasi moja katika tano, na hayo ni makadirio ya ukarimu, thamani yake kwa mwaka wa kwanza ni dola 8,000. Ni kweli faida za kazi hii huendelea kwa miaka, na jina la kampuni hufungua milango. Hata hivyo, pengo kati ya 8,000 na 75,000 ni refu kulijaza kwa jina.

Hesabu hii hubadilika kabisa kwa mtu wa chuo cha umma anayelipa krediti tatu tu na kufanya kazi ya muda. Kwake gharama inaweza kuwa ndogo kiasi kwamba hata nafasi ndogo inatosha.

Kuhusu GPA, yaani wastani wa alama ambao A zote ni 4.0, tuseme haraka, maana ni sababu inayotajwa sana na isiyo na nguvu. Mwenye 3.42 kwa krediti 120 akichukua krediti 12 zaidi na kupata A zote anafika 3.47. Akichukua 15, anafika 3.48. Mstari wa 3.5 ambao wengi huutazama bado hajauvuka.

Viza ya F-1: kasoro kubwa kuliko zote

Kwa Mkenya, Mtanzania au Mganda aliyeko Marekani kwa F-1, yaani viza ya mwanafunzi, swali la kwanza si ada. Ni fomu ya I-20, ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni, na tarehe ya mwisho iliyoandikwa humo. Kuisogeza kunahitaji ofisi ya wanafunzi wa kigeni ikubali kabla tarehe hiyo haijapita, na kanuni inataka sababu ya kitaaluma yenye uzito, au ugonjwa wenye vyeti. Kubadilisha fani, kupoteza krediti baada ya kuhama chuo, utafiti uliokwama: hizo ni sababu. Kutafuta kazi si sababu. Ukiandika kwenye ombi kwamba unataka duru nyingine ya maombi ya McKinsey, umelikataa ombi lako mwenyewe.

Njia halali inayotumika ni kuongeza fani ya pili inayohitaji madarasa ambayo hayawezi kwisha kwa wakati, ikakubaliwa na idara na kuingizwa kwenye rekodi, kisha I-20 ikasahihishwa. Iwe fani unayoitaka kweli, kwa sababu utaisoma. Fani ndogo ya nyongeza huenda isitoshe; ofisi nyingi huikataa kama sababu ya kuongeza muda. Ukishatimiza masharti yote ya shahada, uwezekano unapungua zaidi, maana machoni pa kanuni umemaliza. Na kuna pendekezo la kanuni lililochapishwa Agosti 2025 la kuwawekea wenye F-1 muda maalumu usiozidi miaka minne, na kuongeza muda kuombwe serikalini badala ya chuoni. Angalia limefikia wapi kabla ya kupanga chochote kinachovuka mwaka wa nne.

Tuseme ofisi imekubali. Faida ya kweli inapatikana hapa: ukiwa bado mwanafunzi, mafunzo ya kiangazi yanaweza kufanyika kwa kibali cha CPT, mradi umeshasoma mwaka mzima wa masomo na mafunzo yanahusiana na mtaala wako. Huigusi OPT yako, kibali cha miezi 12 cha kufanya kazi baada ya kuhitimu. Mhitimu wa Mei angelazimika kutumia OPT kwa kazi hiyohiyo.

Mtego uko Desemba. Chukua anayemaliza tarehe 18 Desemba 2027, akiwa na barua ya ajira ya kuanza Septemba 2028. OPT lazima ianze ndani ya siku 60 baada ya kumaliza, yaani si baadaye ya 16 Februari 2028. Kuanzia siku hiyo anaruhusiwa jumla ya siku 90 bila kazi. Zinakwisha katikati ya Mei. Kuanzia Mei hadi Septemba hana cha kumshikilia nchini, ingawa ana barua ya ajira mkononi.

Yako mambo mawili yanayoweza kumwokoa. La kwanza ni kuomba kuanza kazi Januari, na aombe kabla ya kusaini, kwa sababu si kila ofisi hupokea kundi la Januari kila mwaka. La pili ni kazi inayohusiana na fani yake kwa saa zisizopungua 20 kwa wiki katika kipindi hicho, ya kujitolea ikiwemo pale sheria za kazi zinaporuhusu, na aiandikishe chuoni kama inavyotakiwa.

Hata akivuka hapo kwa njia ya pili, OPT yake ya miezi 12 inakwisha Februari 2029, mwezi mmoja kabla ya usajili wa bahati nasibu ya viza ya kazi ya H-1B, ambao hufanyika Machi. Usajili uliotangulia, wa Machi 2028, ulipita kabla hajaanza hata kazi kwa mwajiri wa ile barua. Mwenzake aliyemaliza Mei 2028 na kuanza Septemba hiyohiyo ana OPT hadi katikati ya 2029, hivyo Machi inamkuta ndani. Miezi mitano imeamua kama bahati nasibu itamkuta mtu akiwa bado na kibali cha kazi au la. Fani yenye hadhi ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) huondoa tatizo hili kwa kuongeza miezi 24 kwenye OPT, ilimradi mwajiri ametimiza masharti ya E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki vibali vya wafanyakazi, na ndiyo maana idara nyingi za uchumi zimebadilisha msimbo wa programu zao kuwa uchumi wa kiasi. Tazama msimbo ulioandikwa kwenye I-20 yako. Jina la idara mlangoni halihesabiki.

Kwa asiye na STEM, basi, kuchelewa hadi Desemba ni kubaya kuliko kuhitimu Mei na kubaya kuliko kuchelewa mwaka mzima.

Bidhaa nyingine sokoni

Likizo ya masomo ndiyo mshindani anayesahaulika, na kwa raia au mwenye kadi ya kijani tunaipa alama za juu kuliko muhula wa ziada. Badala ya kuongeza muhula wa tisa, unausogeza wa nane. Unaondoka nusu mwaka, unafanya kazi inayoipa CV uzito, tarehe ya kuhitimu inasogea, na ule muhula uliobaki bado unalipiwa na ruzuku ya chuo. Chunga mikopo ya serikali kuu: ukikaa chini ya nusu ya mzigo wa masomo, miezi sita ya kusamehewa malipo huanza kuhesabika. Mwenye F-1 asiiguse bila kuzungumza na ofisi yake. Likizo humtaka atoke nchini ndani ya siku 15, na akikaa nje zaidi ya miezi mitano kwa kawaida huhitaji I-20 mpya, na ule mwaka mmoja wa masomo unaohitajika kwa CPT na OPT huanza kuhesabiwa upya.

Shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, kama ile ya usimamizi ya Duke au Michigan, ni ghali kuliko muhula mmoja lakini hutoa vitu ambavyo muhula hautoi: ofisi nyingine ya ajira, tarehe mpya ya kuhitimu isiyohitaji kuelezewa, na kwa mwenye F-1, OPT mpya ya miezi 12 kwa sababu ngazi ya elimu imepanda. Tatizo lake ni kasi. Unafika Julai au Agosti na maombi yanafungwa wakati bado unatafuta chumba. Anayekwenda huko bila kuwa amejiandaa kwa usaili tangu Aprili anapoteza duru ya kwanza, na programu ya mwaka mmoja haina duru ya pili.

Ziko pia kampuni za Oliver Wyman, Kearney, L.E.K. na vitengo vya ushauri vya Deloitte na EY, ambazo baadhi ya nafasi zao hufungwa baadaye kuliko za wale watatu. Kabla ya kuahirisha mahafali, orodha hiyo iwe imekwisha. Na kwa mtu wa Afrika Mashariki, McKinsey na BCG zina ofisi Nairobi, na Dalberg pia ipo hapo. Ofisi hizo zina ratiba na mahitaji yake, Kiswahili ni faida ya wazi kazini, na Mkenya hana habari ya bahati nasibu ya viza. Mshahara ni wa soko la huko, ndiyo, lakini uhamisho wa ndani ya kampuni upo.

Ukiamua kununua

Anza na ofisi tatu, kwa mpangilio huu: ya wanafunzi wa kigeni kama una F-1, ya misaada ya fedha, kisha msajili. Msajili ndiye anayebadilisha tarehe kwenye mfumo, na lazima ibadilike huko kabla hujaibadilisha kwenye CV. Kampuni hizi hukagua shahada baada ya kutoa ajira, na vyuo vingi vya Marekani huthibitisha kupitia National Student Clearinghouse. Tarehe ya CV isipolingana na ya chuo, barua ya ajira inaweza kufutwa. Kuvaa joho Mei pamoja na wenzako si tatizo. Vyuo vingi huruhusu, na inayohesabiwa ni tarehe ya kutunukiwa shahada.

Bakiza darasa moja la lazima kwa muhula wa mwisho, wala usijaze muhula kwa madarasa ya kupoteza muda. Mwenye F-1 anaweza kuruhusiwa kuchukua chini ya krediti 12 katika muhula wa mwisho ikiwa ndizo zilizobaki, lakini darasa likibaki moja tu haliwezi kuwa la mtandaoni pekee.

Muda unaopatikana usiuweke wote kwenye mazoezi ya kesi, yaani matatizo ya biashara unayopewa kuyatatua mbele ya msaili. Usaili huwa wa duru mbili, kila duru ikiwa na mazungumzo mawili au matatu, na kila kesi huchukua kama nusu saa. McKinsey msaili ndiye anayeongoza, tena hutanguliza mchezo wa kompyuta uitwao Solve. BCG na Bain hutarajia uongoze mwenyewe. Kesi 30 za kufanya na mtu mbele yako zinatosha kwa walio wengi, na kwa mwendo wa tatu kwa wiki ni wiki kumi, ambazo zinaingia ndani ya muhula wa kawaida. Wanaoanguka baada ya hapo huangushwa na mambo yaleyale: kutoa muundo uliokaririwa usiohusiana na swali, kupoteza sifuri kwenye mabilioni, na kumaliza hesabu bila kusema mteja afanye nini. Muhula wa tisa hautibu hayo. Kama CV ndiyo iliyokataliwa, kinachohitajika ni kazi yenye matokeo yanayopimika, na hiyo hupatikana nje ya darasa.

Mwisho, ukipata nafasi, soma tarehe ya kuanza kwa jicho kali. Mwaka 2023 biashara ilipopungua, Bain iliahirisha kuanza kwa baadhi ya waajiriwa wapya hadi 2024 na kuwapa fedha za kusubiri. Kwa raia huo ni usumbufu wenye malipo. Kwa mwenye OPT siku 90 zinaendelea kuhesabika hata kama kampuni inakulipa usubiri nyumbani, kwa hiyo mwulize mwajiri kabla ya kusaini kama kuahirishwa kukitokea atawatanguliza wenye viza.